Fimbo na Mkeka

Ndugu msomaji, sisi walimu wastaafu tuna wimbo wetu mmoja. Tukikutana msibani Iringa, au harusini Mbeya, au tukiwa tumekaa kwenye benchi la benki tukingojea pensheni, haipiti nusu saa kabla mmoja wetu hajauanzisha: "Nidhamu imekufa kwa sababu fimbo imekufa." Wengine huitikia. Nami nimeitikia kwa miaka mingi, tena kwa sauti kubwa. Leo nataka kuupinga wimbo huo, na silaha yangu ni kitu ambacho wenzangu watakicheka: mieleka ya Kijapani, ambayo nilijifunza nikiwa mtu mzima wa miaka 34, mwenye mke na watoto watatu.

Ilikuwa hivi. Tangu mwaka 1980 serikali ya Japani ilikuwa na utaratibu wa kuwapokea walimu wa nchi za nje wakasome huko kwa mwaka mmoja na nusu. Oktoba 1984 nilikuwa mmoja wa waliobahatika. Baada ya miezi sita ya kujifunza lugha nilipelekwa Chuo Kikuu cha Tsukuba, kaskazini-mashariki ya Tokyo. Mwaka ule wa 1985 mji huo ulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa ya sayansi, na wageni walimiminika kutazama mashine za ajabu. Mimi jambo lililonishangaza kuliko mashine zote nilililiona ndani ya ukumbi uliotandikwa mikeka.

Mwenyeji wangu alinikaribisha kufanya judo. Nilikwenda kwa udadisi na kwa majivuno. Udadisi, kwa kuwa miaka ile sinema za Bruce Lee zilikuwa zimewatia wazimu vijana wetu, nami nilitaka kuona hao watu wa Mashariki wanaruka vipi. Majivuno, kwa kuwa nilikulia Rungwe nikichunga ng'ombe, na katika mieleka ya malishoni sikuwa mtu wa kuchezewa.

Majivuno yaliisha siku ya kwanza. Kwa wiki tatu sikuruhusiwa kumwangusha mtu yeyote. Nilifundishwa kuanguka tu. Kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Mkono upige mkeka kwa nguvu wakati mgongo unapofika, ili kishindo kisiishie mwilini. Kuanguka kushoto, kulia, nyuma, mbele. Vijana wa miaka kumi na minane walinitazama nikijibwaga kama gunia la mahindi, na hakuna aliyecheka.

Kisha nikafundishwa jambo la pili. Mwenzako akikukaba shingo au akikunja kiwiko chako, nawe ukaona basi, unagonga mkeka mara mbili, au unatamka neno moja la Kijapani, "maitta", maana yake nimeshindwa. Papo hapo anakuachia. Haongezi hata nukta moja. Hata akiwa bingwa na wewe ni mgeni wa jana, amri ya kusimamisha iko mkononi mwa aliye chini.

La tatu ndilo lililonivunja kabisa. Mwalimu wetu, mzee wa karibu miaka sitini mwenye mkanda mweusi, aliniita mbele, akanipa kola ya vazi lake, akasema: niangushe. Nikasita. Kwetu mwalimu hashikwi kola. Akasisitiza. Nikamwangusha vibaya, akainuka, akanisahihisha, akasema: tena. Jioni ile nilimwangusha kama mara ishirini. Kila mara aliinuka, akajipangusa, akaniinamia kwa heshima nami nikamwinamia. Ndugu msomaji, katika miaka yangu yote ya kusoma na kusomesha sikuwa nimeona ukumbi wenye nidhamu kama ule, na hapakuwa na fimbo hata moja.

Baadaye nilielezwa asili yake. Mwanzilishi wa judo, Jigoro Kano, aliyezaliwa mwaka 1860, hakuwa askari. Alikuwa mwalimu. Ujanani alikuwa na mwili mdogo na wenzake walimwonea, ndipo akatafuta wazee wa kumfundisha mieleka ya kale ya nchi yake. Mwaka 1882 alifungua ukumbi wake, Kodokan, ndani ya hekalu moja la Tokyo akiwa na wanafunzi wachache. Akachuja mbinu za kuua na kulemaza, akabakiza zile ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa nguvu zake zote na mwenzake akarudi nyumbani mzima. Kwa miaka zaidi ya ishirini, pamoja na mapumziko mafupi, alikuwa mkuu wa Chuo cha Juu cha Ualimu cha Tokyo, ambacho ndicho babu wa chuo kikuu nilichosoma. Mkuu wa chuo cha ualimu! Kazi ambayo nami nilikuja kuifanya Iringa hadi nilipostaafu. Moja ya kauli zake kuu ilihusu kustawi kwa pamoja, wewe na mwenzako, na ndiyo maana aliyeangushwa huinamiwa.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nilirudi nyumbani mwaka 1986, nikapangiwa kuwa makamu mkuu katika shule moja ya bweni Mbeya. Mtu angetegemea nirudi na hekima. Nilirudi na picha na redio ya kaseti. Mwaka 1987 kijana wa kidato cha pili alitoroka bwenini usiku kwenda kuangalia sinema mjini. Nikamlaza mbele ya gwaride, nikamchapa. Kiboko cha tano akasema, "Mwalimu, nimeshindwa." Alilitamka neno lile lile, kwa Kiswahili safi. Nikamchapa mpaka tisa, kwa kuwa shule nzima ilikuwa inatazama na nilidhani nikisimama nitaonekana dhaifu.

Jumatatu kitanda chake kilikuwa kitupu. Baada ya wiki mbili mama yake alikuja kuchukua sanduku lake la bati. Hakunilaumu. Alinishukuru kwa kumlea mwanawe, akaniachia mkungu wa ndizi. Laiti angenitukana.

Nazijua hoja za wenzangu, kwa kuwa zilikuwa zangu. Ya kwanza: "Sisi tulichapwa, na tumekuwa watu." Kweli. Lakini tunaohesabiwa hapa ni tuliobaki. Yule kijana wa kidato cha pili hayupo kwenye mikutano yetu ya wastaafu kutoa ushahidi wake. Anayejisifu kuvuka mto uliojaa mamba asisahau kuuliza walioliwa walikuwa wangapi.

Ya pili: "Hayo ni ya Wajapani, sisi tuna mila zetu." La hasha! Malishoni Rungwe, kabla sijajua kama kuna nchi inaitwa Japani, tulikuwa na sheria yetu: aliye chini hapigwi. Aliyempiga aliyeanguka alitengwa, akachunga peke yake mpaka aombe radhi. Sheria hiyo hatukuandikiwa na mzungu wala na Mjapani. Tuliiacha mlangoni siku tuliyoingia shule. Kwa hiyo ni nani hasa aliyeacha mila?

Tena Wajapani si malaika. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1947 inakataza kumpiga mwanafunzi, lakini mwaka 2013 kocha wa timu yao ya taifa ya judo ya wanawake alijiuzulu baada ya wachezaji kulalamika kwamba alikuwa akiwapiga. Katika nyumba ya Kano mwenyewe! Ndivyo fimbo ilivyo: hurudi kwa mlango wa nyuma. Tofauti ni kwamba wachezaji wale walisema, na wakasikilizwa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. "Mzee, wewe ulikuwa na mikeka na wanafunzi ishirini. Mimi nina darasa la watoto tisini." Mwalimu anayesema hivyo simdharau hata kidogo, nimesimama mbele ya madarasa hayo. Lakini basi tuseme ukweli: fimbo ni chombo cha uhaba, kama kibatari pasipo umeme. Tusiiite malezi, wala tusiiite mila. Anayewasha kibatari hajisifu kwa moshi.

Oktoba 2016 nchi nzima ilitazama picha za video kutoka sekondari moja hapa Mbeya. Walimu wa mazoezi, vijana wenyewe, walimzingira mwanafunzi mmoja katika ofisi ya walimu wakampiga makofi, ngumi na mateke. Watu walishangaa: vijana hawa wametoka wapi? Mimi sikushangaa. Hawakupita chuoni kwangu, lakini waliotoka kwangu hawakuwa na mafunzo tofauti. Tuliwafundisha andalio la somo, tukawafundisha ubao, tukawafundisha saikolojia ya mtoto kwa ajili ya mtihani. Hatukuwafundisha kushindwa mbele ya mwanafunzi na kuinuka bila hasira. Mwalimu asiyejua kuanguka humwogopa kila mtoto anayesimama wima.

Wenzangu watauliza, basi tufanye nini, tusubiri Bunge? Sisemi hivyo. Someni kanuni za mwaka 2002. Zinasema viboko visizidi vinne, viandikwe kitabuni, na vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Kwa maandishi! Maana yake fimbo ya shule nzima imening'inia kwenye kalamu ya mtu mmoja. Mkuu akikataa kuchapa, na akikataa kutia saini, fimbo imekwisha shuleni kwake siku hiyo hiyo, bila azimio na bila semina. Nilikuwa na kalamu hiyo kwa miaka mingi. Nilitia saini.

Kwa hiyo nasema na wewe, mkuu wa shule, uwe Mafinga au Tukuyu, Makambako au Mbalizi, unayesoma ukurasa huu baada ya kazi. Kesho asubuhi watakuletea mtoto na karatasi. Mtoto atakuwa ameshasema, kwa maneno au kwa macho, kwamba ameshindwa. Amekwisha kugonga mkeka. Weka kalamu chini, umwachie.