Kuridhika Si Kukubali Minyororo

Mara nyingi tunapowahubiria maskini kuridhika, kumbe tunawaambia tu wanyamaze. Sivyo anavyotufundisha Mtakatifu Yosefina Bakhita. Alizaliwa Darfur, Sudan, yapata mwaka 1869, akatekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa. Mwaka 1889, huko Venice, bibi aliyemtumikia alipotaka kumrudisha Sudan, Bakhita alikataa, na mahakama ikatamka kwamba yu huru. Mwaka uliofuata alibatizwa, na baadaye akawa mtawa wa Wakanosa.

Kwa miaka mingi mjini Schio alipika, alishona, alitarizi, akawafungulia mlango waliobisha. Zilikuwa kazi zilezile za mikono, lakini sasa alizifanya kama binti wa Mungu, si kama mali ya mtu. Hapo ndipo ulipo uzuri wake.

Basi, tusimwambie msichana wa kazi za ndani anayedhulumiwa ujira aridhike na alichopewa na Mungu. Mungu hakumpa dhuluma. Tumtetee kwanza. Nasi tushikapo ufagio au sufuria, tukumbuke kwamba aliyeridhika si yule asiyedai haki, bali yule ajuaye kuwa yeye ni wa nani.

Tumsifu Yesu Kristo.