Kariakoo Yataka Maktaba

Duka likitafuta kiwanja Kariakoo hukipata. Benki hukipata, nyumba ya wageni hukipata, ghorofa la kuuzia nguo za jumla hukipata hata kama ni kwa kubomoa nyumba ya bibi kizee. Ikitajwa maktaba, ndipo tunapoambiwa kwamba mji umejaa. Sisi tunaozunguka matawini tumelichoka jibu hilo, na leo tunalikataa mbele ya watu.

Tutazame hesabu. Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyoko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Katika hesabu ya watu ya mwaka huo mji wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 272,821. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa mzima ulikuwa na watu 5,383,728. Hata ukipima mkoa kwa mkoa, watu wameongezeka zaidi ya mara kumi na tano, na nyumba kubwa ya kusomea watu wote katikati ya mji ni ile ile ya mwaka 1967.

Tena nyumba ile imebebeshwa mizigo miwili. Kwanza ni ghala la Taifa: kitabu kinachochapwa nchini sheria yataka nakala yake ifikishwe pale, itunzwe, wajukuu zetu waikute. Pili ni baraza la kusomea la mji mzima, ambamo mwanafunzi wa Buguruni na fundi wa Magomeni hutafuta kiti. Kazi hizi mbili hazipatani. Ghala hutaka vitabu vikae, baraza hutaka vitembee mikononi mwa watu mpaka vichakae. Hatumlaumu mtumishi yeyote wa pale. Twasema mji huu wapaswa kuwa na maktaba yake wenyewe, na pahali pake ni Kariakoo.

Wako wakubwa watakaosema nchi ina haja nyingi kuliko vitabu. Tunawakumbusha jinsi mambo yalivyopangwa tulipokuwa maskini kuliko leo. Uhuru ulipatikana mwaka 1961. Sheria ya kuunda huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963. Miaka minne baadaye, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, mlango ukafunguliwa. Na wakati huo kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma! Angalikuwako mjuaji wa kusema, “Mnamjengea nani?”, angalionekana ana akili sana. Lakini maktaba ikajengwa, na watu wakafundishwa, na leo wasomaji wamejaa mji. Sasa wasomaji wapo, viti ndivyo havipo. Tusemeje juu ya kizazi chetu?

Mkoloni alijua vizuri thamani ya jambo hili. Nairobi maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931, nyumba ya fahari yenye simba wa mawe mlangoni, na kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano ikawa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyeisafisha asubuhi hakuruhusiwa kufungua kitabu jioni. Siku hizi hakuna anayeweka kibao cha rangi mlangoni. Bei ya kiwanja yafanya kazi ile ile, na haina hata haja ya kibao.

Basi kuna hawa wanaosema, “Ijengwe nje ya mji, huko ardhi ni rahisi.” Rahisi kwa nani? Daladala za pande zote hukutana Kariakoo. Mwendokasi, tangu ulipoanza mwaka 2016, humtoa mtu Kimara ukamshusha Gerezani. Maktaba ikipelekwa kichakani, mwenye gari atakwenda siku ya ufunguzi apigwe picha, kabwela atahesabu nauli mbili na kubaki nyumbani.

Wengine ni vijana wenzetu, nao hutuonyesha simu. Ati vitabu vyote vimo humu! Simu ni chombo kizuri, hatugombani nayo. Lakini bando huisha, na vitabu vingi vya Kiswahili vilivyochapwa zamani humo havimo. Zaidi ya hayo, simu haimpi mtu meza, wala taa, wala kimya. Nenda nyumba ya vyumba sita pale Mchikichini, kila chumba na familia yake, redio upande huu, televisheni upande ule, mtoto mchanga analia katikati. Humo yumo binti wa Kidato cha Nne anayejitayarisha kwa mtihani. Tangu mwaka 2016 Serikali imeondoa ada mpaka kidato hicho, na watoto wamemiminika shuleni. Jambo jema hilo. Je, jioni wasomee wapi? Wako wanaosomea chini ya taa ya kituo cha mafuta. Tuliopita vyuo vya ualimu tunajua kwamba mtu aliyefundishwa kusoma, kisha akakosa cha kusoma na pa kusomea, husahau. Na jasho la mwalimu wake limemwagika bure.

Fedha hatukubali kwamba hazipo. Soko la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 2021, na fedha za kulijenga upya zikatafutwa zikapatikana, kwa kuwa kila mtu aliona kwamba mji hauwezi kuishi bila soko. Soko lile la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Mwafrika mwenzetu, Beda Amuli. Wachoraji tunao. Watunza vitabu tunao, chuo chao kiko Bagamoyo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kikaoni na kusema kiwanja hiki hakiuzwi.

Nasi hatutaki sanamu la vioo. Tunataka nyumba inayofunguliwa mpaka saa tatu usiku na siku ya Jumapili, maana mfanyakazi hutoka kazini wakati maktaba zinafungwa. Pasiwe na kiingilio. Viwepo viti vingi, maji na vyoo, na fungu la kununua vitabu vipya kila mwaka. Fungu hili ndilo husahauliwa, nyumba ikabaki na rafu za vumbi na jiwe la msingi lenye jina la mkubwa.

Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo tangu mwaka 2021 ndiyo iliyokuwa Manispaa ya Ilala, ina Kariakoo mkononi mwake. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na makadirio hupangwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo kila tawi la Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Mchikichini na Upanga liandike barua kwa diwani wake mwezi huu. Barua iulize mambo mawili tu: maktaba itakaa kiwanja kipi, na fedha zake zimo katika kifungu gani. Majibu yadaiwe kwa maandishi, nayo yasomwe kwa sauti mbele ya mkutano wa tawi, diwani mwenyewe akiwapo.