Tarehe 25 Agosti Tusiisahau



Kalenda iliyotundikwa ofisini kwetu ina siku nyingi zilizotiwa wino mwekundu, wala hakuna hata moja ya mtu wa reli. Sisi twaona iongezwe tarehe 25 Agosti. Twasema hivi kwa sababu wako wenzetu waliolipa ada miezi mitatu, wakaona mshahara ni ule ule, wakarudisha kadi.

Huko Marekani kampuni ya Pullman ilikuwa na mabehewa ya kulala, na watumishi wa mabehewa hayo walikuwa watu weusi. Walitandika vitanda, wakapiga viatu rangi, wakabeba mizigo, karibu saa 400 kwa mwezi, na riziki yao ilitegemea sana bakshishi. Abiria waliwaita wote "George", jina la mwanzilishi wa kampuni, kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Wazee wetu hapa waliitwa "boi" hali wana wajukuu, kwa hiyo jambo hili twalielewa.

Tarehe 25 Agosti 1925, mjini New York, walianzisha chama chao. Walimtaka A. Philip Randolph awaongoze, naye hakuwa mtumishi wa mabehewa. Hiyo ilikuwa akili kubwa, maana kampuni haiwezi kumfukuza mtu ambaye haikumwajiri. Walioumia ni wanachama wenyewe. Wengi waliojulikana walifukuzwa kazi, na wapelelezi waliingizwa kati yao. Mwaka 1928 mgomo ulipangwa, kisha ukaahirishwa, na hapo watu wengi walikata tamaa wakatoka.

Wachache walibaki wakilipa ada. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 25 Agosti 1937. Tarehe ile ile, miaka 12 kamili! Saa za kazi zikashushwa hadi 240 kwa mwezi, mishahara ikapanda. Na aliyetoka mwaka 1928, kama alikuwa bado kazini, alifaidika sawa na yule aliyebaki. Sisi hatuoni kwamba hiyo ni haki.

Wengine watasema Marekani ni mbali. Basi tutazame Afrika Magharibi. Tarehe 10 Oktoba 1947 watu wa reli katika makoloni ya Ufaransa, karibu 20,000, waligoma wakitaka Mwafrika na Mfaransa wawe na ngazi moja za kazi. Wale wa Ivory Coast walirudi kazini mwezi wa Januari. Wale wa reli ya Dakar hadi Niger walikaa mpaka tarehe 19 Machi 1948, miezi mitano bila mshahara.

Twaiomba kamati ya tawi iandike tarehe hizo mbili kwenye ubao wa matangazo, kando ya orodha ya zamu. Na siku ya mshahara mweka hazina akae hapo na daftari lake. Kadi zilizorudishwa bado anazo sandukuni.