Kabla Hujalipia Kozi ya Lugha, Jiulize Utaongea na Nani

Muhula uliopita nilimega bumu langu nikalipia kozi ya jioni ya Kichina. Msinicheke. Nusu ya hosteli yetu ilikuwa inaenda, na kila aliyeniona na lile daftari alinipa hongera kama vile nimeshapata ajira. Wiki ya tisa nikaacha. Nilikuwa najua kusalimia, kushukuru, kuhesabu mpaka mia, na kuandika herufi kama thelathini ambazo leo nikijitahidi zinarudi kumi. Mwalimu hakuwa na kosa. Kosa langu ni kwamba sikuwahi kujiuliza Kichina hicho nitaongea na nani.

Swali hilo lilinikuta nyumbani wakati wa likizo. Kwetu ni Kasesya, wilaya ya Kalambo, mpakani na Zambia. (Ndiyo, ni mkoa wa Rukwa, kulekule Sumbawanga, na hapana, sikuja chuo kwa ungo. Utani huo nimeusikia tangu mwaka wa kwanza, tafuteni mwingine.) Mama anakusanya maharage kwa wakulima na kuwauzia watu wa ng'ambo. Siku hiyo alikuja mnunuzi kutoka Kasama. Mama akaanza na "Mulishani", wakaulizana habari za watoto, ikafika "shinga", yaani bei gani, wakavutana, wakacheka, wakapatana kwa kwacha. Na mimi, mwanachuo wa mwaka wa tatu, nimekaa juu ya gunia nadaka neno moja moja. Kimambwe chetu kinasaidia kidogo, lakini Kibemba ni lugha nyingine. Mama aliishia darasa la saba, Kibemba kakiokota kwenye biashara, na hakuna aliyewahi kumpa cheti.

Halafu yule mnunuzi akatoa karatasi ya Kiingereza. Mama akaitazama, akanipa. "Haya mwanangu msomi, hapa ndipo pako." Nikaisoma, nikamweleza, akasaini. Kila mtu akawa amefanya kazi yake.

Nimelifikiria sana tukio lile. Mpakani kwetu kuna lugha ya bei na lugha ya karatasi, na mara nyingi si lugha moja. Kwa Zambia, bei ni Kibemba au Kimambwe, karatasi ni Kiingereza. Ukishuka Kasanga, bandari yetu ya Ziwa Tanganyika, mambo yanageuka. Mkongo wa ng'ambo ya ziwa anaongea Kiswahili, chenye ladha ya kwao, lakini bei mtaelewana. Katiba yao ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Lugha rasmi, ile ya mihuri, inabaki Kifaransa. Burundi nao, pamoja na Kirundi chao, makaratasi mengi ni Kifaransa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Kongo wanaongea Kiswahili, Kifaransa cha nini?", ujue anawaza bei tu.

Sisemi Kichina hakina maana. Wachina walijenga TAZARA na sisi kati ya 1970 na 1975, na leo wako kwenye miradi kila kona. Kama unasoma uhandisi na unajiona saiti, kisome, tena kisome kwa ukali. Taasisi za Confucius zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Dodoma tangu 2013. Ila piga hesabu kwanza. Wamarekani wanaofundisha lugha wanadiplomasia wao wanakadiria saa 2,200 za darasani kwa Kichina, na kati ya 600 na 750 kwa Kifaransa. Hesabu hiyo ni ya watu wanaoanzia kwenye Kiingereza, sawa, lakini hata sisi tuliokulia Kiswahili zile herufi hazitatuhurumia. Kwa kozi ya saa nne kwa wiki, Kichina ni zaidi ya miaka kumi. Kifaransa ni mitatu, labda mitatu na nusu. Mimi bumu langu halina miaka kumi.

Tena sisi wa elimu tuna jambo letu. Agosti 2019 SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno, na Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022. Tunapiga makofi, tunasema walimu wa Kiswahili tutatakiwa huko nje. Sawa, utamfundishaje mtu wa Kinshasa, aliyezoea Kilingala na Kifaransa, kama huna hata neno moja la kumwelezea ngeli? Utasimama mbele ya darasa useme "M-WA, KI-VI" huku unatabasamu? Kwa mwalimu wa Kiswahili, lugha ya mwanafunzi ni nyenzo kama ubao.

Mwenzangu wa chumbani ananibishia. Anasema Kifaransa kinafukuzwa Afrika, angalia Mali, mwaka 2023 wameweka katiba mpya na Kifaransa si lugha rasmi tena. Hoja nzuri, na sina jibu la miaka thelathini ijayo. Lakini kutoka Kasanga sivuki kwenda Mali. Navuka kwenda Kongo, na mihuri ya Kongo naijua.

Mdogo wangu yuko kidato cha pili, naye kaniuliza achague nini. Nilitaka kumwambia Kifaransa kama mimi, nikajizuia nikamuuliza anataka kufanya nini. Kuendesha malori mpaka Lusaka, kasema. Basi nikamwambia akazane na Kiingereza, aache kukariri majibu ya mtihani, na Kibemba akamwombe mama, kipo bure hapohapo nyumbani.

Mimi nimejiandikisha Kifaransa, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, na safari hii nimelipa kwa awamu. Jumapili nampigia mama, tunaongea Kibemba. Ananicheka kwanza, halafu ndiyo ananirekebisha. Mpaka sasa nimefika kwenye bei za maharage, na vocha huwa inaishia hapohapo.