Picha ya askari kwenye jalada letu

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Matiri na kitabu cha historia nilichoombwa kukiandikia uhakiki. Jaladani ipo ile picha mnayoijua: wafungwa wa Majimaji, minyororo shingoni, wamepangwa mbele ya kamera ya Mjerumani. Bibi akakisogeza dirishani penye mwanga, akauliza, "Huyu wa mwanzo ni mtoto wa nani?" Nikapekua kurasa za mwanzo. Jina la mbunifu wa jalada lipo. La huyo kijana, hakuna.

Basi naomba tugombane kidogo.

Eti picha hizi ni ushahidi. Ushahidi wa nini? Huko Paris, miaka ya 1880, karani wa polisi Alphonse Bertillon alianza kupima wafungwa urefu wa mkono na upana wa kichwa, akabandika kwenye kadi picha mbili, ya mbele na ya ubavuni. Mwaka 1892 vipimo vyake vilithibitisha kwamba Ravachol, mwanaanarkisti aliyetega mabomu, ndiye yule yule Koenigstein aliyewahi kukamatwa kabla. Ni ukatili wa kiofisi, sikatai. Lakini ulimtafuta mtu mmoja, kwa jina lake.

Kwetu kamera haikutafuta jina la mtu. Ilitaka kuonyesha kwamba kazi imekwisha. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 pale Songea, akiwamo Nkosi Mputa bin Gwazerapasi Gama. Siku chache baadaye akafuata Nduna Songea Mbano. Sisemi walio jaladani ndio hao. Hilo ndilo linaloniuma: siwezi kusema ni akina nani, na mchapishaji hakujisumbua hata kuuliza.

Rafiki yangu mshairi ananibishia: mbona Kimathi? Oktoba 1956 alipigwa risasi, akakamatwa, akapigwa picha amelala, pingu mikononi, ili watu wake waone mwisho wake. Wakamnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Leo vijana wanaivaa picha hiyo kwenye fulana. "Tumewageuzia kibao," anasema.

Tumewageuzia, ndiyo, kwa sababu kila anayeivaa anajua aliyelala pale ni Dedan Kimathi. Vueni jina lile muone kinachobaki: Mwafrika chini, askari juu yake. Ndicho tunachokiuza madukani na Majimaji yetu.

Nilimpigia mhariri. Akacheka. "Kaka, picha inauza."

Sidai picha zifichwe. Nadai maandishi chini yake: nani kapiga, wapi, mwaka gani, kwa kazi gani. Na kama aliyepiga hakuuliza majina, semeni hivyo hivyo, kwa herufi zinazosomeka, si nukta ndogo kule nyuma. Mpaka hapo uhakiki wao siandiki.

Kitabu nilikiacha Matiri. Bibi amekifunika kwa gazeti, kama alivyokuwa akifunika madaftari yetu ya shule.