Mvuta Bangi na Watu Wake

Mjini, kumwita mtu mvuta bangi ni kumtukana. Anayesema jambo lisiloeleweka huulizwa kama amevuta, na kijana mwenye rasta hushukiwa hata kama hajawahi kushika msokoto. Nchini Tanzania sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 imepiga marufuku kulima, kuuza, kumiliki na kutumia bangi. Jamii imekwenda mbali zaidi ya sheria, ikamhesabu mvutaji katika kundi moja na mwizi na mhuni.

Haikuwa hivyo kila mahali. Mjerumani Hermann von Wissmann alipopita Kasai, Kongo, mwaka 1881, alikuta watu waliojiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Kwao kuvuta pamoja kulikuwa alama ya amani na udugu.

Udugu huo bado upo vijiweni, ingawa kwa kujificha. Mwaka 1953 mwanasosholojia Mmarekani Howard Becker alieleza kwamba mvutaji hufundwa na wenzake: namna ya kuvuta, namna ya kuutambua ulevi wenyewe, hata namna ya kuufurahia. Msokoto mmoja huzunguka watu wanne watano, kila mmoja akivuta mara mbili tatu na kumpa wa pembeni yake, na asiye na hela hapitwi. Hapo hakuna anayeulizwa kwa nini hana kazi.

Usiku kijana huyohuyo wa kijiweni hurudi nyumbani akimung'unya pipi ya mnanaa. Shikamoo huitoa akiwa mlangoni, kisha hupitiliza chumbani, maana akimsogelea mama, harufu itamuumbua. Akikaa hivyo miaka miwili mitatu, mama na mwana hawajuani tena. Akifikia kuoa, wazee wa upande wa binti huulizia mtaani, na neno moja tu, "anavuta", huvunja posa. Msichana ndiye huumia zaidi: mvulana ataitwa mhuni, yeye ataitwa malaya, kwa hiyo huvutia ndani, mara nyingi kwa mwanamume anayemletea, na siri hiyo humfunga kwake.

Bangi ina madhara, na makala hii haitayaficha. Kuvuta sana, hasa kwa aliyeanza akiwa mdogo, huongeza hatari ya kuugua akili, na wapo wanaoshindwa kuacha. Hapo ndipo fedheha inapofanya ubaya wake mkubwa. Kijana akianza kusikia sauti asizozisikia mwingine, kijiweni hawana dawa, na nyumbani wanaona haya kumpeleka hospitali, majirani wasije wakajua. Mtu ambaye angetibiwa mapema hufungiwa chumba cha uani.

Maradhi haya yanatibika, na Hospitali ya Mirembe iliyopo Dodoma ipo kwa kazi hiyo. Mzazi aliyekwisha kuisikia harufu ile kwenye shati la mwanawe anaombwa amwite wakae wawili, amsikilize mpaka amalize, na ikibidi amsindikize hospitali yeye mwenyewe.