Pointi za nchi zikishuka, mkulima anaguswa wapi?



Katika mikutano ya kutayarisha msimu wa kilimo, kuna ulizo moja linarudi-rudi. Radio inasema nchi fulani "imeshushwa pointi", ingine "imepandishwa". Wengine wanacheka: ile ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa na watu wa benki za Ulaya, sisi kazi yetu ni jembe. Sisi ma-agronomu tunaotembea na nyinyi mashambani hatukubali kicheko hicho. Wala hatukubali woga wa wale wanaosikia habari na kusema nchi imekwisha. Habari hii inamgusa mkulima, ila haimgusi pale anapofikiri.

Tuanze na kitu chenyewe. Kuna makampuni matatu makubwa, Standard & Poor's, Moody's na Fitch, yenye kazi ya kupa nchi pointi kama mwalimu anayesahihisha. Hayapimi uzuri wa nchi wala utajiri wa udongo wake. Yanapima neno moja tu: Leta ikikopa dola, itaweza kurudisha siku iliyoandikwa? Pointi zinaandikwa kwa herufi. AAA ni ya kwanza darasani. B iko chini sana, CCC iko karibu na kuanguka, na D ni ya yule aliyekwisha kukosa kulipa. Hata nyinyi mnafanya vile katika likelemba: yule aliyechelewesha mwaka jana, safari hii anapewa zamu ya mwisho, ao anaombwa aache kinga yake mezani.

Tuangalie kwa majirani, ng'ambo ya Kasumbalesa, maana kule jambo lilionekana wazi. Mwaka 2012 Zambia ilikopa kwa mara ya kwanza kwenye soko la wakopeshaji wa dunia: dola milioni 750, kwa intere ya karibu 5,4 kwa mia kila mwaka. Shaba ilikuwa na bei, pointi zao zilikuwa B+, na wakopeshaji walipanga mstari. Mwaka 2014 wakarudi kukopa dola bilioni 1, intere ikawa 8,5 kwa mia. Mwaka 2015 wakarudi tena, dola bilioni 1 na milioni 250, karibu 9 kwa mia. Shaba ilikuwa imeshuka, pointi nazo zilikuwa zimepunguka. Dola ni ile ile, lakini bei ya kuikopa ilikuwa imepanda.

Tufanye hesabu kidogo, kalamu mkononi. Ule mkopo wa 2015 ulidai intere ya karibu dola milioni 112 kila mwaka. Kwa intere ya 2012, ingekuwa karibu milioni 67. Tofauti ni milioni 45 kila mwaka. Tukisema saki moja ya mbolea ya kununua, ile tunaita angre, ni dola 50, basi ni saki 900.000 kila mwaka. Hakuna hata shamba moja lililopata mavuno ya zile saki.

Na kulikuwa madeni mengine mengi juu ya hayo. Novemba 2020 Zambia ikakosa kulipa intere ya dola milioni 42,5. Mwanzo wa mwaka ule dola moja ilikuwa karibu kwacha 14, mwisho wake karibu 21. Mwaka 2021 bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya 20 kwa mia. Mwaka 2022 nchi ikapatana na FMI juu ya mkopo wa dola bilioni 1 na milioni 300, na katika masharti kulikuwa kupunguza pesa ambazo Leta ilikuwa inaweka ili kuteremsha bei ya mafuta ya gari, na kugeuza mpango wa kusaidia wakulima kupata mbegu na angre. Yaani mkulima wa Zambia, ambaye hakutia sahihi kwenye karatasi yoyote ya 2012, njo alifika kulipa.

Sisi wa Haut-Katanga tunajua sehemu ingine ya habari ile. Kwacha ikianguka, unga wa Zambia unakuwa rahisi kwa mwenye kununua na dola. Mama wa Lubumbashi anafurahi, bukari iko mezani. Lakini mahindi ya kooperative yetu yanabaki kwenye depo, maana mnunuzi anasema ng'ambo wako wanauza chini. Pointi za nchi ya jirani zinaweza kuharibu bei ya mahindi yako, na hakuna mtu wa radio atakueleza vile.

Sasa tuje kwetu. Hapa watu wengi wanachanganya.

Kongo haiko sawa na Zambia. Julai 2010 nchi yetu ilifutiwa deni kubwa sana, zaidi ya dola bilioni 12. Kisha pale, kwa miaka mingi hatukwenda kukopa kwenye lile soko ambalo Zambia ilikwenda. Wakopeshaji wetu wakubwa ni kama Benki ya Dunia na FMI, na wale hawapandishi intere kwa sababu pointi zimeshuka. Kwa hiyo kwetu pointi zinafanya kazi kama termometre. Termometre haileti malaria. Lakini ikionyesha 40, usiivunje. Tafuta homa inatoka wapi.

Homa yetu inatoka pahali pamoja kila mara: tunauza shaba na kobalti, tunanunua karibu kila kitu kingine inje. Mwaka 2015 bei ya shaba ilianguka. Septemba ya mwaka ule Glencore ikasimamisha kazi ya kutoa shaba kule KCC, Kolwezi. Makodi ya Leta yakapunguka, dola zikapunguka kwenye Benki Kuu. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930. Mwisho wa 2017 ilikuwa karibu 1.600. Katika mwaka ule wa 2017 Standard & Poor's ikashusha pointi za Kongo toka B- mpaka CCC+. Angalieni mpango wa mambo: franka ilikwisha kuanza kuanguka zamani, pointi zikafuata nyuma. Aliyengojea radio imwambie alikuwa amechelewa.

Ilikuwa na maana gani kwa kisanduku cha kooperative? Kooperative yenye kuweka franka milioni 1 mwanzo wa 2016 ilikuwa na dola zaidi ya 1.070, yaani saki 21 za angre kwa ile bei yetu ya dola 50. Pesa ile ile, bila mwizi kuingia, mwisho wa 2017 ilikuwa dola 625. Saki 12. Saki 9 zilitoka katika kisanduku na kufuli iko salama.

Na mnunuzi wetu vilevile aliumia. Mwalimu, polisi, muuguzi, wote wanalipwa na Leta kwa franka. Mshahara unabaki namba ile ile, lakini yule aliyekuwa ananunua meka tano za unga anaanza kununua tatu. Kwa hiyo mkulima hawezi kusema: mimi nakula mahindi yangu, dola hainihusu. Anayekula mahindi yako analipwa kwa franka.

Mtu anaweza kufikiri kwamba pointi zikipanda, mambo yanageuka. Mwaka 2022 Standard & Poor's ilirudisha Kongo kwenye B-, na Moody's nayo ikapandisha. Tulifurahi, na kulikuwa sababu: FMI ilikuwa na mpango na Leta toka 2021, shaba ilikuwa na bei, dola ziliongezeka kwenye Benki Kuu. Lakini mwaka uliofuata, 2023, vita vya mashariki na matayarisho ya uchaguzi vilikula pesa nyingi, na franka ikatoka karibu 2.000 kwa dola mpaka kupita 2.600. Pointi zilipanda, franka ikashuka. Si uongo wa wale wanaotoa pointi. Wao wanaulizwa kama Leta italipa wakopeshaji wake. Hakuna aliyewauliza kama franka milioni 1 ya kooperative itanunua angre ya Novemba.

Na kuna kredi. Agosti 2023, ili kuzuia franka isianguke zaidi, Benki Kuu ilipandisha intere yake toka 11 mpaka 25 kwa mia. Ile ilikuwa intere ya Benki Kuu kwa mabenki. Mkulima aliyefika mwisho wa mstari hakuweza kutazamia kupata chini ya pale. Hakuna mahindi yanayozaa vile kwa uhakika kila msimu, mvua ikiwa vile inavyopenda. Kwa hiyo wakopeshaji wadogo wanakuja kwenye kooperative na maneno matamu: achaneni na franka, tunawapa kredi ya dola, intere ni ndogo.

Sisi tunasema wazi: kooperative inayouza mahindi kwa franka isitie sahihi kwenye kredi ya dola. Tunajua kuna wanamemba hawatapenda neno hili, maana Novemba haingoji, na mwenye kuleta dola Novemba anaonekana kama mkombozi. Lakini fanyeni hesabu. Mmekopa dola 2.000 wakati dola iko franka 2.000: deni ni franka milioni 4. Dola ikifika 2.600 wakati wa kulipa, deni ni franka milioni 5 na 200.000, na bado hatujahesabu intere. Mtu atatujibu kwamba dola ikipanda, bei ya mahindi nayo inapanda. Kwa sehemu ni kweli. Sukari inafuata dola haraka. Mahindi yanafuata polepole, na mwezi wa tano na wa sita, wakati kila mtu anavuna na kila mtu anataka makuta ya masomo ya watoto, hayafuati kabisa. Na pale pale njo mkopeshaji anataka alipwe.

Wandugu wa kahawa na kakao kule Kivu wako katika hali ingine. Mnunuzi wao analipa kwa dola, kwa hiyo deni la dola na mavuno yao vinatembea pamoja. Hata kooperative ya mahindi, ikiwa na mnunuzi aliyetia sahihi kulipa kwa dola, inaweza kukopa kwa dola, ila kwa kiasi cha ule mkataba tu, si zaidi.

Tuna neno pia kwa mashirika yenye kusaidia, na hata hili linalochapisha gazeti hili hatuliachi pembeni. Mnapotoa mfuko wa kredi na kuandika kwamba urudishwe kwa dola, mnamwekea mkulima mzigo wa franka, yeye peke yake, wakati nyinyi mna watu wa hesabu na ofisi na yeye ana jembe. Deni linaweza kuandikwa kwa saki za mahindi: umepokea angre ya thamani ya saki 30, utarudisha saki 30 na kitu kidogo juu yake. Bei ikianguka, tuumie wote kidogo. Ao mahindi yenyewe yafungiwe kwenye depo kuwa dhamana, na yauzwe Januari ao Februari wakati bei iko juu. Kazi ya depo si rahisi, inaomba mtunza-depo mwaminifu na mahindi yaliyokauka vizuri, lakini inazuia kuuza kwa haraka mwezi wa sita.

Leta nayo tunaidai. Mwaka 2003, kule Maputo, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka 10 kwa mia ya bajeti katika kilimo. Kongo haijafika pale. Nchi inayonunua unga inje inatafuta dola kwa ajili ya unga, kila mwaka, hata shaba ikianguka. Mkimwona mbunge wenu, muulizeni juu ya ile 10 kwa mia mbele ya kumuuliza juu ya pointi.

Kwa sasa, kisanduku cha kooperative kiko mikononi mwenu. Mkiuza mwezi wa sita, msiweke franka kwenye kisanduku mpaka mwezi wa kumi na moja. Nunueni angre mwezi wa saba ao wa nane, wakati wauzaji wengi hawana wateja. Saki ziwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na sakafu, maana urea inavuta maji ya hewa na kushikana kama jiwe. Na zisiguse mbegu. Kama hamna pahali pa kuweka angre, patana na muuzaji, lipa sasa, uchukue Oktoba, lakini na karatasi yenye kuonyesha hesabu ya saki, si hesabu ya franka. Na kila mkutano mkubwa, mweka-hazina asisome tu "tuko na franka kiasi hiki". Asome pia: pesa hii leo inanunua saki ngapi, na mkutano uliopita ilikuwa inanunua ngapi. Iandikwe ndani ya kitabu cha mkutano, mbele ya watu kutia sahihi.